Mtoto Akisema Anaenda Kusoma Biashara Ng'ambo, Mwambie Alete Hesabu

(Haya ni maneno niliyosema mbele ya wanafunzi wa S6, darasa la mwisho la sekondari, na wazazi wao hapa Arua, Uganda. Watu waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu salamu maana zilikuwa ndefu.)

Wazee wangu, mama zangu, walimu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Mwalimu mkuu ameniambia nina nusu saa halafu maswali, na mimi huyu mwalimu namjua, amenifundisha, akisema nusu saa ni nusu saa, kwa hiyo nitaenda mbio.

Nimeitwa niongee juu ya kwenda kusoma digrii ya biashara nje. Najua mlichokuja kusikia, mnataka niwaambie nchi gani ni rahisi, viza inatoka wapi haraka, na kama ni kweli mtu anaweza kusoma huku anapiga kyeyo, yaani vibarua vya ng'ambo, anajilipia mwenyewe. Nitafika huko. Lakini nataka nianze na wazazi kwa sababu nyinyi ndio wenye pesa (watu wanacheka), na kwenye hii habari yote mwenye pesa ndiye anayeambiwa mambo mwisho. Mtoto anakuja na barua ya chuo, ina nembo, ina saini, imeanza na neno la pongezi, mzazi anafurahi, anaita ndugu, wanakaa kikao, wanauza shamba au wanakopa sako, kile chama cha kuweka na kukopa, na kwenye kile kikao chote hakuna hata mmoja aliyeuliza jumla ni ngapi. Ada ya mwaka wa kwanza wanaijua. Jumla hawaijui. Na huyo mtoto anaenda kusoma biashara!

Basi tupige hesabu hapa hapa. Nachukua Uingereza kwa sababu ndiko nilikosoma na ndiko wengi mnauliza. Ada ya masta ya biashara kwa mtu anayetoka nje kama sisi, ni kawaida kukuta pauni 15,000, 20,000 na kuendelea, na vile vyuo vyenye jina kubwa vya London vinapita hapo mara mbili na zaidi. Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye barua. Sasa zile ambazo hazipo kwenye barua. Fomu ya viza inapita pauni 500. Kuna ada ya hospitali yao, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na hiyo hulipi kidogo kidogo, unalipa ya kozi nzima siku ile ile unayoomba viza, kwa hiyo wa digrii ya miaka 3 analipa zaidi ya pauni 2,300 kabla hajapanda ndege, hizo ni kama shilingi milioni 11 hivi. Kuna kipimo cha kifua kikuu, lazima ukifanye kwenye kliniki waliyoikubali wao. Kuna tiketi. Kuna depoziti ya chuo, maana vyuo vingi havikupi ile namba ya CAS ya kuombea viza mpaka wameona pesa. Na hapo bado hatujala.

Kula ndio hivi. Serikali yao inataka uonyeshe pesa ya kuishi miezi 9, zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi ukiwa nje ya London, na ukiwa London zaidi ya 1,400. Nje ya London tu hiyo ni zaidi ya pauni 10,000, kwa shilingi inakaribia milioni 50. Na lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini hata siku moja.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndipo familia za kwetu zinaangukia. Hiyo akaunti inatakiwa iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi wake aliyemzaa, au mlezi wa kisheria. Ukitumia ya mzazi unaweka cheti cha kuzaliwa, kile cha NIRA, ofisi ya serikali ya kusajili watu, na barua ya mzazi kwamba amekubali. Sisi huku baba mdogo ni baba, sindio? Amekulea, amekulipia ada tangu P1, watu wote mtaani wanajua wewe ni mtoto wake. Kule baba mdogo si baba. Mjomba si mzazi. Dada yako mwenye duka Koboko si mzazi. Nimeona mtu ana pesa halali kabisa, zimekaa siku zote zinazotakiwa, viza ikakataliwa kwa sababu stetimenti ina jina la baba mdogo. Sasa kama baba mdogo ndiye anayelipa, na awapatie hizo pesa mapema, ziingie akaunti ya mtoto, zihesabu siku zake pale, na karatasi za kuonyesha zimetoka wapi ziwekwe tayari.

Na kuna wale mabroka wanaokuambia usijali, tutakukopesha pesa ya kuonyesha, inakaa kwenye akaunti yako zile siku, viza ikitoka tunachukua pesa yetu na asilimia yetu. Mimi siwezi kuiita hiyo ujanja. Kwanza wakigundua karatasi ni ya uongo unaweza kufungiwa kuomba kwa miaka. Lakini tuseme imepita, umefika. Sasa umefika na nini? Ile pesa haikuwekwa pale kama mapambo, ndiyo bei ya chumba na mkate, na wewe umetua uwanja wa ndege mwezi wa 9, baridi inaanza, huna hata ya depoziti ya nyumba.

Nchi zingine nazipita haraka. Kanada walikuwa wanataka uonyeshe dola zao 10,000 za kuishi, kuanzia Januari 2024 wakapandisha zaidi ya mara mbili, na wakaongeza barua ya jimbo na kupunguza idadi ya wanafunzi wanaochukua, kwa hiyo yule binamu yako aliyekwenda 2019 akikwambia ni rahisi anakwambia habari za 2019. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, hiyo ni kweli, ila majimbo mengine kama Baden-Württemberg yanatoza wageni euro 1,500 kwa semesta, na kote utafungua akaunti iliyofungwa, unaweka euro 11,904 za mwaka, halafu wanakuachia 992 kila mwezi. Na digrii za kwanza za biashara kule nyingi ni kwa Kijerumani. Marekani utalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa nje, juu ya ada ya viza, utakaa mbele ya afisa ubalozini Nsambya dakika chache tu, na jambo moja atakalotaka kujua ni nani analipa. Umeona? Hata yeye anauliza lile lile ninalouliza mimi.

Haya, kyeyo. Vijana nimeona mmekaa vizuri sasa. (kicheko) Uingereza mwanafunzi wa digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mshahara wa chini kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea ni pauni 12 na senti kwa saa. Zidisha wenyewe, ni kama 240, 250 kwa wiki, kwa mwezi ni kama elfu moja, hapo umepata saa zote 20 na mara nyingi huzipati. Sasa rudini kwenye ile namba ya kwanza, serikali yao wenyewe inasema mtu anaishi kwa zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi. Maana yake hata ukipiga saa zote walizokupa hufikii kula na kulala, sasa ada utailipa na nini? Anayewaambia alijilipia ada ya masta yote kwa shifti za usiku muulizeni taratibu, ama alikuwa na ufadhili, ama alivunja masharti. Na wa masta wajue, kiangazi cha kuandika tasnifu kinahesabiwa ni masomo, sio likizo, saa ni 20 vilevile.

Na jambo lililonishangaza mimi mtoto wa sokoni: unasoma biashara lakini hukubaliwi kufanya biashara. Kweli kabisa. Viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri. Kupika pilau unauzia wenzako hosteli, kusuka nywele kwa malipo chumbani, kuleta vitenge kwenye begi ukauza, kubeba vyakula kwa baiskeli kupitia zile programu za simu, vyote hivyo ni kujiajiri, na vinaweza kukuondolea viza. Mtu kutoka Arua ukimwambia asiuze kitu anaumwa. (watu wanapiga makofi) Lakini ndio sheria, waambieni watoto kabla hawajafunga vitenge.

Sasa nitoke kwenye pesa kidogo, mwalimu mkuu ananiangalia saa.

Darasani. Sisi hapa tumefundishwa kunyamaza, mwalimu anaongea wewe unaandika, na mtihani ni kumrudishia maneno yake. Kule profesa anaingia na kisa cha kampuni, kurasa kumi na kitu mliambiwa msome jana, anauliza ungekuwa meneja ungefanya nini, halafu ananyamaza yeye. Kimya. Na katika shule nyingi za biashara kuongea darasani kuna alama zake. Wiki za kwanza Waganda tunakaa nyuma, tumesoma kila kitu, hatusemi, tunangoja kuitwa, na hakuna anayeita.

Kilichonifungua mdomo ni somo la hatari ya sarafu, yaani kampuni inauza kwa pesa moja inanunua kwa pesa nyingine, bei ya sarafu ikiyumba inapata hasara. Profesa anaeleza mikataba ya benki ya kujikinga, darasa linaandika. Mimi nikawa nawaza kina mama wanaovuka mpaka wa Vurra kwenda Kongo. Mama mmoja ana shilingi kwenye mfuko wa mbele, dola kwenye kitambaa kiunoni, faranga za Kongo kwenye ndoo, na zile faranga hakubali kulala nazo, akiuza tu anageuza siku hiyo hiyo kuwa dola au kuwa mzigo wa mafuta ya mawese, kwa sababu anajua faranga zikilala zinapungua. Hana mkataba wa benki, kinga yake ni mzigo. Nikanyoosha mkono nikasema hivyo, na profesa akaweka kalamu chini akaniambia endelea, na wenzangu wakaanza kuuliza, bei ya kubadilisha anaijuaje, nani anamkopesha, mzigo ukioza je. Tukamaliza saa nzima na mama wa Vurra. Kwa hiyo vijana, msiende kule mnafikiri biashara inaanza Harvard mwaka 1908 walipofungua MBA. Yale mliyoona nyuma ya meza ya mama zenu ni masomo, ongeeni. Mobaili mani ambayo hapa hata muuza nyanya anapokea, kuna wenzenu kule wanaisoma kwenye kitabu.

Ila kunakili hapana. Kazi zote zinapitishwa kwenye programu inayolinganisha maneno yako na ya watu wengine, ukichukua aya ya mtu bila kumtaja hata kama ni kwa heshima, ni kosa, na kwa mwanafunzi wa kimataifa kufukuzwa chuo ni kufukuzwa nchi, chuo kinalazimika kuripoti.

Nilisoma Leicester, mji ambao una historia na sisi. Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972, akawapa siku 90, halmashauri ya Leicester iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia jamani msije kwetu, tumejaa. Walikuja. Leo ukitembea barabara zile maduka ni yao, na mimi nilikuwa nanunua mihogo kwa mzee mmoja aliyezaliwa Kampala, siku ya kwanza aliponisikia naongea kwenye simu akaniita kwa Kiswahili safi kuliko changu, "wewe kijana wa wapi?", na kila nikienda ananiuliza bei ya sukari Uganda. Yule mzee alinifundisha daftari la mkopo la dukani kuliko baadhi ya walimu, na nawashauri popote mtakapoenda tafuteni wazee wa namna hiyo, wanajua nyumba ipi mwenye nyumba ni mtu na nyumba ipi ina ukungu.

Maajenti. Simwiti kila ajenti mwizi, wapo wanaosaidia. Lakini mjue anakula wapi. Vyuo vingi humlipa ajenti kamisheni kwa kila mwanafunzi anayemleta, kwa hiyo akikwambia chuo fulani ndicho kinakufaa, muulize anafanya kazi na vyuo gani na kama vile vingine ulivyovisikia havimlipi. Na anayelipwa na chuo halafu anataka mamilioni tena kutoka kwako, ondoka. Kuangalia chuo chenyewe si kazi ngumu. Uingereza serikali ina orodha ya vyuo vyenye leseni ya kudhamini wanafunzi, ipo wazi kwenye intaneti bure. Kwa shule za biashara angalia kama ina alama ya AACSB, EQUIS au AMBA, yaani imekaguliwa ubora wake na watu wa nje, sio lazima iwe nazo zote, zenye zote tatu ni chache, lakini kama haina hata moja na ada iko juu mtoto aeleze kwa nini. Na someni sharti la kurudishiwa pesa viza ikikataliwa, kabla ya kutuma depoziti, sio baada.

Sasa nitasema kitu ambacho wengine hawatakipenda. Kwa maoni yangu digrii ya kwanza ya biashara, kama hakuna ufadhili, someni hapa. Nendeni MUBS, chuo cha biashara pale Nakawa, nendeni Makerere, someni, fanyeni kazi miaka miwili mitatu, mjue PAYE, kodi ya mshahara, inakatwaje na mteja anakimbiaje deni, ndipo mwende masta mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa ada ni tofauti na mitatu, na yule aliyefanya kazi akiulizwa na profesa ana cha kujibu. Mhasibu ndio kabisa, maana ukirudi na digrii ya uhasibu ya huko bado utaambiwa CPA yako, cheti cha mhasibu wa kitaaluma, iko wapi, na CPA ya ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda, au cheti cha ACCA unaweza kuzifanya ukiwa hapa hapa unalala kwenu. Wapo watakaosema digrii ya nje inafungua milango, sawa, kuna ofisi zinaipenda, mimi mwenyewe ilinisaidia. Lakini usiuze shamba kwa mlango ambao hujui uko jengo gani. Na ukirudi peleka vyeti vyako NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, vitambuliwe, wengi wanakumbuka hilo siku wanapoitwa interviu.

Kubaki kule kufanya kazi pia kupigiwe hesabu kwa sheria ya leo. Uingereza waliomaliza wanapata viza ya miaka 2, lakini watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18, isipokuwa wa PhD. Na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya darasani hawezi kwenda na mke au watoto, hilo liwekwe wazi kwa wenye ndoa kabla ya kikao cha familia. Marekani unapata mwaka mmoja wa kufanya kazi baada ya digrii, na kama kozi yako imeandikwa ni ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, unaongezewa miezi 24. Kozi nyingine za biashara, zile za uchambuzi wa data, zimewekwa humo, mbili zenye majina yanayofanana moja ipo moja haipo, kwa hiyo uliza chuo kwa barua kabla ya kulipa.

La mwisho ni letu sisi tulioenda na nyinyi mliobaki. Kijana akifika kule anapiga picha kwenye theluji, anaweka stetasi, huku nyumbani wanaona amefika. Wiki hiyo hiyo simu zinaanza, bati la bibi, ada ya mdogo, mchango wa msiba. Kijana anaona haya kusema sina, anatuma pesa ya kodi, halafu anatafuta shifti za kuvunja sheria kuziba pengo. Wazazi wanaendelea kuamini ana pesa kwa sababu ametuma. Wote wanadanganyana kwa upendo. Mimi naomba siku ya kile kikao cha familia iandikwe karatasi moja, jumla ni ngapi, nani anatoa ngapi, lini, na mtoto hatatuma kitu mpaka amemaliza, isipokuwa msiba wa ndani. Wazee wasaini. Msiba wa jirani tutachanga sisi huku.

Haya, maswali.

(Waliuliza wengi, naandika mawili.)

Binti mmoja wa S6 aliuliza, na kama nyumbani hakuna hata moja ya hizo pesa? Nikamwambia basi wewe ndiye wa kuanza mapema kuliko wote. Ufadhili wa Uturuki, Türkiye Bursları, unachukua hata digrii ya kwanza na kuomba ni bure. Wizara ya Elimu na Michezo hutangaza nafasi za nchi rafiki, soma magazeti na tovuti yao. Chevening ya Uingereza ni ya masta, wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili hivi, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka 2, dirisha lao kwa kawaida linafunguka mwezi wa 8. Fomu ijaze mwenyewe. Mtu akikuomba pesa ya fomu ya ufadhili ambao ni bure, huyo ufadhili anautafuta kwako.

Halafu mzee mmoja wa nyuma akasimama, akasema kijana umeongea vizuri, lakini wewe ulilipiwa na nani? Ukumbi wote ukacheka. Nikamjibu, mzee wangu, nusu ya ada chuo kilinipunguzia, iliyobaki ni akiba yangu ya kazini na mkopo wa sako ya soko ulioandikwa jina la mama, na mama yuko hapa, safu ya tatu, ana kitambaa cha njano, risiti zote anazo yeye. Akasimama akasema kuna mwezi mmoja nilichelewesha marejesho na bado hajasahau.